Kisiwa Kina Wenyewe



Ilitufikia dukani, imefungiwa bidhaa, karatasi moja ya rangi inayowaalika wageni wa ng'ambo waje kukitembelea kisiwa chetu cha Ngazija. Hatumtaji aliyeipiga chapa. Juu ya karatasi hiyo kuna mlima wa Karthala, katikati kuna msikiti wa kale wa Moroni, na chini kuna pwani nyeupe yenye minazi iliyoinamia maji. Wateja waliipokezana mkono kwa mkono, na kila mtu akaisifu, hata akaja mzee mmoja mvuvi, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Picha hii ni ya zamani. Pwani hii siku hizi ni mawe matupu." Tukaitazama tena, tukaona kuwa mzee amesema kweli. Pwani ile twaijua, kwani twaipita kila tuendapo Moroni. Mchanga unaong'ara katika picha sasa umo ndani ya kuta za nyumba zetu.

Kwa sababu ya karatasi hiyo tumeona yafaa tuseme machache katika gazeti hili. Twaandika kwa Kiswahili kama ilivyo desturi yetu, na wanaotuuliza kwa nini hatuandiki Kifaransa twawakumbusha kuwa masultani wa kisiwa hiki waliandikiana barua kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na kwamba Said Bakari bin Sultan Ahmed alipotaka kuandika khabari za Ngazija, mwishoni mwa karne ya 19, aliziandika kwa lugha hii hii.

Wakubwa wa serikali, wa sasa na waliotangulia, wamekuwa wakituambia kwamba utalii ndio utakaotutoa katika umasikini. Hatuwapingi kwa jambo hilo. Mgeni mwenye adabu na fedha yake karibu, atapewa kiti. Tunalowauliza ni hili: je, mwamjua mnayemuuza? Kwani mwenye duka asiyejua kilichomo ghalani mwake huuza hasara, na siku moja hufungua mlango akakuta panya tu.

Wageni huambiwa kwamba Karthala una urefu wa mita 2,361, na kwamba ni miongoni mwa milima ya moto iliyo hai. Hayo ni kweli, lakini siyo kuujua mlima. Wazee wetu walitusimulia kuwa pete ya Bilqis, malkia wa Sabaa, ilitupwa na jini katika shimo lake, ndipo moto ukazuka. Hatudai kuwa hayo yamo katika kitabu chochote tulichosomeshwa chuoni. Lakini tuliyoyaona wenyewe, au waliyoyaona baba zetu, hayahitaji kitabu. Aprili 1977 moto haukutoka kileleni. Ulitoka ubavuni mwa mlima, ukateremka juu ya Singani, ukazimeza nyumba, na watu wakatoka na walichokiwahi. Aprili 2005 mlima ulinguruma tena, majivu yakafunika anga, na maelfu ya watu wakayakimbia makazi yao. Novemba ya mwaka ule ule majivu yakaingia katika mabirika, na watu waliokuwa wamezungukwa na bahari wakakosa maji ya kunywa.

Khabari ya mabirika mgeni haandikiwi, nayo ndiyo roho ya kisiwa. Ngazija haina mto hata mmoja udumuo mwaka mzima. Mvua hunyesha kwa wingi, khasa katika miteremko ya magharibi, lakini ardhi yetu ni mawe ya moto yenye matundu, na maji huzama kama yazamavyo katika sifongo, yakaenda kutokea pwani, chini ya mawimbi, kule ambako hayamfai mtu. Ndiyo sababu babu zetu walijenga birika kabla ya kujenga sebule. Na ndiyo sababu msitu ulioko mlimani si pambo. Miti ile hunyonya ukungu na kuzuia udongo, na ndani yake wanaishi ndege wasiopatikana mahali pengine popote ulimwenguni, mmoja wao yule bundi mdogo wa Karthala ambaye wataalamu walimtambulisha kwa dunia mwaka 1960. Watu wa vijiji vya juu walimsikia akilia usiku kabla ya wataalamu hao kuzaliwa.

Mlima huu umekwisha kuuzwa mara moja, ndugu zetu, na tusisahau namna ulivyouzwa.

Mwaka 1884 alifika hapa Mfaransa mmoja, Léon Humblot, mtaalamu wa mimea. Kazi yake ilikuwa kutafuta maua na wadudu na ndege kwa ajili ya makumbusho ya kwao. Alikuwa, kwa maneno ya leo, mgeni aliyekuja kuyatazama maumbile ya kisiwa. Wakati huo masultani wetu walikuwa wakipigana wao kwa wao, na Sultan Said Ali bin Said Omar wa Bambao alihitaji msaada wa kumsimamisha juu ya wenziwe. Novemba 1885 alitia sahihi mkataba. Kwa karatasi ile Humblot alipata haki ya kuitumia ardhi yoyote ya kisiwa atakayoichagua, naye Sultani akaahidiwa fungu moja katika mafungu kumi ya faida. Mwaka uliofuata, 1886, Ufaransa ikaweka himaya yake. Hazikupita siku nyingi wananchi wakajikuta vibarua katika mashamba yaliyokuwa ya mababu zao, na miti ya mlimani ikaanguka kuelekea kiwanda cha mbao cha kampuni. Sultani mwenyewe alikamatwa na kuhamishwa mwaka 1893, akafia ugenini mwaka 1916. Humblot alibaki, akazeeka hapa, na watu wakamwita sultani mweupe.

Wako watakaosema kwamba Sultani alidanganywa. Yawezekana. Lakini twaona aibu kubwa zaidi ni kuwa alitia sahihi juu ya ardhi ambayo haikuwa yake. Ardhi ya Ngazija ilikuwa ya miji na ya koo, na iliyo kuu kuliko zote ni ile ya manyahuli, inayopita kwa mama kwenda kwa binti, wala mwanamume hana ruhusa ya kuiuza. Sultani alitoa mali ya wanawake wa kisiwa kizima kwa fungu moja katika kumi. Basi kila tusikiapo leo kwamba pwani fulani imeahidiwa fulani kwa miaka kadha wa kadha, na mkataba umetiwa sahihi mahali ambapo watu wa mji hawakuitwa, twaikumbuka Novemba 1885, na haki yetu ya kuuliza haiondoki kwa kuitwa wapinzani wa maendeleo.

Tuteremke baharini. Hakuna mgeni asiyeambiwa khabari ya gombessa, samaki yule ambaye wenye elimu walidhani amekwisha toweka tangu zaidi ya miaka milioni 65, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alivuliwa katika visiwa vyetu, huko Nzuwani, Desemba 1952, na mvuvi aitwaye Ahamadi Abdallah. Profesa J. L. B. Smith aliletewa ndege ya jeshi na waziri mkuu Malan, yule yule aliyekuwa akiwagawa watu wa nchi yake kwa rangi za ngozi, akaja mbio kumchukua. Ulimwengu ukastaajabu. Wavuvi wetu nao wakastaajabu kwa staajabu ya ulimwengu, kwani gombessa walimjua. Si samaki wa kupendeza mezani, nyama yake ina mafuta mengi, na magamba yake, yasemwa, yalifaa kukwaruzia mpira wa baiskeli kabla ya kutia kiraka. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa chombo cha chini ya maji katika upande wa magharibi wa Ngazija, akamwona akielea hai katika mapango ya mawe ya moto, kiasi cha mita 200 chini. Mlima uliomeza nyumba za Singani ndio uliomjengea yeye nyumba. Maneno haya yangestahili kuandikwa katika ile karatasi ya rangi, lakini hayakuandikwa. Limewekwa jina lake tu, na lenyewe limekosewa herufi.

Ama pwani, tuseme wazi kwamba hatuna nyingi. Kisiwa chetu ni kijana katika umri wa visiwa, na sehemu kubwa ya ukingo wake ni mawe meusi yaliyoganda pale yalipokutana na maji. Mchanga mweupe hautoki mlimani. Hutoka katika matumbawe, yakisagwa na mawimbi kwa karne nyingi, na matumbawe yetu ni ukanda mwembamba. Zile pwani za Itsandra, za Mitsamihuli na Maluja na Galawa, na Chomoni upande wa mashariki, na nyingine chache, zimechukua muda mrefu kuliko dola zote tulizotawaliwa nazo. Hapo Galawa palijengwa hoteli kubwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa fedha za Afrika Kusini. Ni mbele ya pwani hiyo, tarehe 23 Novemba 1996, ilipoanguka ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuishiwa mafuta. Wavuvi wetu na wageni wa hoteli wakaingia baharini pamoja kuwatoa watu, wakaokoka 50 katika 175. Hoteli hiyo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ikabomolewa. Ahadi za kuijenga upya tumezisikia nyingi mno, na hatuna haja ya kuzihesabu hapa.

Na urithi wa watu? Nenda Ikoni, simama chini ya jabali, uulize. Utasimuliwa juu ya wanawake waliojitupa baharini, zamani za mashambulio ya Wasakalava na wenzao kutoka Bukini, kuliko kuchukuliwa utumwani. Nenda Ntsudjini uone ukuta uliojengwa kwa ajili ya hatari hiyo hiyo. Nenda Itsandra, mji alikozaliwa mwaka 1861 Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumayt, aliyekuwa kadhi wa Unguja hata alipofariki mwaka 1925, na ambaye kwa elimu yake jina la Ngazija lilitajwa kwa heshima katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Na Moroni yenyewe lipo kaburi la Sheikh Said Mohamed al-Maarouf, ambaye dhikri ya Shadhiliyya ilienea kutokana naye na wanafunzi wake hadi Unguja na Kilwa na Msumbiji. Miji hii ya masultani iliandikwa mwaka 2007 katika orodha ya UNESCO ya mahali panapongoja kuhesabiwa urithi wa dunia. Huku majina yakingoja, kuta hazingojei. Tumeona kwa macho yetu mizizi ya mtini ikipasua mlango uliochongwa na fundi asiyepatikana tena, na vijana wakikaa kivulini mwake wakitazama simu, wala hatuwalaumu, kwani nani aliwaambia kuwa ule ni mlango wa nani?

Sasa tufike kwenye mchanga, maana ndiyo sababu ya barua hii.

Kuchota mchanga wa pwani kumekatazwa na sheria. Kila mtu anajua, na kila mtu amelisikia lori likipita baada ya sala ya isha bila ya taa ya nyuma. Mara nyingine halingojei usiku. Wanaochota ni vijana wasio na kazi, na akina mama wabebao ndoo vichwani, wanaolipwa kidogo kwa ndoo. Watu hao ndio wanaokamatwa siku serikali inapotaka kuonyesha kuwa inafanya kazi. Mwenye lori hatujasikia amelala ndani. Mwenye nyumba inayojengwa hatujasikia ameulizwa.

Na mchanga ukishaondoka, bahari haina kizuizi. Wimbi lililokuwa likichoka juu ya mteremko wa pwani sasa hufika na nguvu zake zote kwenye minazi, kisha kwenye barabara, na katika mji mmoja tunaoujua limekwisha fika makaburini. Maji ya chumvi huingia katika visima vya karibu. Samaki wadogo hukosa malezi kwa sababu matope hufunika matumbawe. Na nyumba yenyewe iliyojengwa kwa mchanga huo haina umri, kwani chumvi iliyomo hula chuma ndani ya zege, chuma hufura kwa kutu, na dari huanza kupasuka.

Haya ya dari hatukuyasoma katika ripoti. Nyumba ya binti yetu wa kwanza ilijengwa kwa mchanga wa pwani ile ile iliyo katika karatasi ya rangi. Kama ilivyo ada, nyumba ni ya binti, na mzazi asiyemjengea binti yake ameshindwa mbele ya mji. Tulitaka tumalize kabla ya arusi, lori likaleta, tukalipa, wala hatukuuliza. Na zaidi ya hayo, duka letu huuza saruji. Kwa miaka mingi tumepima mifuko, tukaandika daftari, tukamtakia mteja kheri, nasi twajua vizuri kabisa kuwa saruji haijengi peke yake na kwamba mfuko mmoja huhitaji ndoo kadha za mchanga. Faida yetu imetoka katika pwani kama ya mwenye lori. Tunaandika haya ili asije mtu wa serikali akatuandikia yeye.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kama wasemavyo baadhi ya wenzetu katika chama, kwamba ubaya wote uko kwa watawala na sisi tu wasafi. Watawala wana lao, nalo ni kubwa: wanawaita wageni kwenye pwani wasiyoilinda, wanakamata mwenye ndoo wakamwacha mwenye lori, na wameshindwa kuufanya mchanga wa mawe yaliyosagwa uwe rahisi kununuliwa. Kisiwa hiki kina mawe ya moto yasiyokwisha. Yakisagwa hujenga vizuri kuliko mchanga wa pwani, na hayana chumvi. Bei yake ndiyo inayomshinda mtu wa kawaida. Serikali ambayo ingepunguza ushuru wa mashine za kusagia mawe, ikapatia kila jimbo mashine yake, ingelinda pwani nyingi kuliko inavyolinda kwa askari. Hili tulisema katika mkutano wa tawi, na tunalisema tena kwa maandishi.

Lakini kwa Mwali, ndugu zetu wa kisiwa kidogo kuliko chetu, watu hawakungoja serikali. Wanakijiji wa Itsamia walijiwekea wenyewe ulinzi wa kasa wanaopanda kutaga, mnamo 2001 likaanzishwa hifadhi la bahari kwa makubaliano na vijiji, na mgeni anayekwenda kuwaona kasa hulala katika vibanda vya kijiji na fedha yake hubaki kijijini. Hawajawa matajiri. Ila pwani yao ingalipo, na picha zao si za zamani.

Twapendekeza basi kwa wanachama wote wa kisiwa: kwanza kila tawi liijue pwani yake na magofu yake kwa miguu, wazee wakiwatangulia vijana, wataje jina la kila jabali na kila kaburi kabla wenye kujua hawajafa. Pili, asiwepo mwanachama atakayejenga nyumba ya ada kwa mchanga wa pwani kuanzia sasa, na mzee wa mji atakayeikubali nyumba ndogo iliyojengwa kwa mchanga wa mawe ahesabiwe amefanya jambo la heshima, wala asiseme mtu kuwa ameidharau ada. Twajua pendekezo hili litatukosesha wateja, na kwamba wako wakubwa wa chama ambao misingi ya nyumba za mabinti zao imekwisha chimbwa. Tumewaambia uso kwa uso kabla ya kuandika.

Jambo la mwisho ni dogo nalo linatukera kuliko yote. Mbele ya ofisi mpya ya tawi letu, ambayo haijaezekwa, lipo lundo la mchanga. Ni mweupe, na una vipande vya kombe ndani yake. Limewekwa hapo na mwanachama mwema aliyekusudia kusaidia, nasi hatumtaji wala hatumlaumu, kwani sisi tulitoa saruji na hatukuuliza. Tumekubaliana na kamati kwamba lundo hilo lirudishwe lilikotoka, na ukuta uliobaki ujengwe kwa mchanga wa mawe hata kama ofisi itachelewa mpaka baada ya kaskazi. Dereva ametaka malipo yake kamili, hata alipoelezwa sababu. Nusu tumeitoa sisi. Nusu iliyobaki twaiomba kwa wanachama, na michango ipelekwe kwa mshika hazina wa tawi, isiletwe dukani.